Mfalme akibatizwa usikimbilie kuandika tarehe: ushauri kwa mnaoanza kusoma dini na dola za Zama za Kati

Nyie mnaoanza hii topiki ya jinsi dini za Mungu mmoja zilivyoenea na dola zilivyoundwa huko Ulaya Mashariki na Asia ya Kati, karne ya 8 mpaka ya 14 hivi, karibuni sana. Mimi nimekaa nayo muda mrefu, siku hizi naendesha semina na kusahihisha esei, na kila mwaka naona kitu kilekile, mtu anachora jedwali: Bulgaria 864, Wabulgari wa Volga 922, Poland 966, Rus 988, Hungary 1000, Lithuania 1387, halafu chini anaandika "hivyo dini iliunganisha makabila na kumpa mfalme nguvu", anaweka nukta, anaenda kula. Sasa hilo jedwali si kosa, ila halijajibu swali lolote, maana kama dini inaunganisha makabila kirahisi hivyo, kwa nini huyu alichukua Uislamu na jirani yake Uyahudi na wa tatu Ukristo wa Kigiriki, na kwa nini wengine waliunganisha makabila vizuri tu bila hata mmoja?

Ninachowaomba mfanye kabla ya kuandika chochote ni kuuliza maswali mawili. La kwanza, huyo sheikh au padri aliyeletwa, nani kamtuma? La pili, mwaka ule huyo mtawala alikuwa anamwogopa nani? Mkiyajibu hayo mtaona kitu kinajirudia: mtawala mdogo anachukua dini ya mkubwa ambaye hawezi kummeza kirahisi, ili asimezwe na mkubwa mwingine ambaye anaweza. Sio kila mahali, kuna sehemu hii inagoma na nitafika huko, lakini inafungua milango mingi kuliko hilo jedwali.

Anzeni na Ibn Fadlan. Sio kwamba ndiye wa kwanza kwa tarehe, hapana, ni kwamba ripoti yake ni fupi na mwandishi mwenyewe alikuwepo pale, na kwenye topiki hii waandishi waliokuwepo ni wa kutafuta kwa tochi. Aliondoka Baghdad Juni 921 kwenye msafara uliotumwa na Khalifa al-Muqtadir, wakapita Bukhara, wakafika Khwarazm wakakwama kusubiri baridi ipungue, wakafika kwa mfalme wa Wabulgari wa Volga Mei 922. Mfalme huyo, Almış, alikuwa ameandika barua kwa khalifa akiomba mtu wa kumfundisha dini, akiomba ajengewe msikiti na mimbari, na akiomba ngome ya kujikinga na wafalme wanaompinga. Hapo kwenye ngome ndipo msimame. Wanafunzi wengi wanasoma "msikiti" wanafurahi wanaruka mbele, wakati ngome ndiyo inayokuambia kilichokuwa kinamnyima usingizi.

Kilichomnyima usingizi ni Wakhazari, kule chini Volga inakoingia Bahari ya Kaspi. Ibn Fadlan anaeleza kwamba kila nyumba ya Wabulgari ilimlipa mfalme wa Khazaria ngozi moja ya yule mnyama mdogo wa manyoya ya bei kali, kwamba mtoto wa kiume wa Almış alikuwa rehani huko, na kwamba binti yake alichukuliwa kwa nguvu akaolewa akafia hukohuko, halafu Mkhazari akatuma watu tena kumtaka binti wa pili, baba yake ikabidi amuozeshe haraka kwa mkuu mwingine aliyekuwa chini yake ili asichukuliwe. Ibn Fadlan mwenyewe anasema hilo ndilo lililomsukuma kumwandikia khalifa. Yaani sababu mmewekewa mezani na shahidi, halafu mtu anaandika kwenye esei "Almış alivutiwa na mafundisho ya Uislamu". Huenda alivutiwa kweli, sikatai, moyo wa mtu siuoni, lakini chanzo chenu kina kitu cha kushika na mmekiacha.

Na kuna kipande kingine mle ndani nakipenda sana. Khalifa aliahidi dinari 4,000 za ngome, zilitakiwa zipatikane njiani kutoka kwenye shamba fulani huko Khwarazm, hazikupatikana, msafara ukafika na barua na zawadi bila pesa. Almış akachukia kweli kweli. Sasa kabla ya hapo muadhini wake alikuwa anakimu kwa kurudia maneno mara mbili mbili kama walivyofanya watu wa Bukhara, Ibn Fadlan akamwambia kwa Amiri wa Waumini maneno ya ikama yanasemwa mara moja, mfalme akakubali ikabadilishwa. Pesa ilipoonekana haiji, akaamuru muadhini arudie mara mbili kama zamani. Wasomaji wa pwani na visiwani mtalielewa hili haraka kuliko mwanafunzi wa Ulaya anayehitaji ukurasa mzima wa maelezo: ikama ilikuwa inasema huyu mfalme yuko upande wa nani, wa Baghdad au wa Wasamani wa Bukhara waliokuwa wanamletea dirhamu za fedha sokoni. Na alipoulizwa kwani ana shida ya pesa, akajibu kwamba fedha na dhahabu anazo na angeweza kuijenga ngome mwenyewe, alichotaka ni baraka ya mali ya Amiri wa Waumini. Na tayari alikuwa amechukua jina la khalifa, Ja'far. Jina, hutuba, ikama, ngome, vyote hivyo ni kitu kimoja, anamwambia Mkhazari kwamba nina mwenyewe, na mwenyewe wangu anakaa mbali.

Msisahau pia kwamba 922 sio mwaka Uislamu ulipofika Volga. Waislamu walikuwepo kabla, ndio maana muadhini yupo, ndio maana kuna ikama ya Bukhara ya kubishania, wafanyabiashara walishapeleka dini miaka mingi nyuma. Na wala sio mwaka watu wote waliposilimu, maana Ibn Fadlan huyohuyo analalamika kwamba wanaume na wanawake wanaoga mtoni pamoja uchi na yeye kajitahidi kuwakataza kashindwa. Pia alihangaika na usiku wa kule wa kiangazi, jua likizama hujamaliza maongezi alfajiri imeingia, isha inaswaliwa pamoja na magharibi, kwa sisi wa ikweta hiyo ni hadithi ya ajabu lakini kwake ilikuwa tatizo la kifikihi la kila siku.

Haya, Wakhazari sasa. Hawa wana faida kwenu kwa sababu wanawalazimisha kuacha kufikiri kwa upande mmoja. Walikaa katikati ya wakubwa wawili, Bizanti magharibi, yaani dola ya Kigiriki yenye mji mkuu Konstantinopoli, na ukhalifa kusini. Kwa Bizanti walioa na kuolewa, kaisari Konstantino wa Tano alimuoa binti wa kagani wao, yaani mtawala wao mkuu, na mtoto wao Leo wa Nne akaitwa Mkhazari hadi leo kwenye vitabu. Kwa Waarabu walipigana vibaya, na mwaka 737 Marwan, aliyekuja kuwa khalifa wa mwisho wa Banu Umayya, aliwapiga hadi kagani akakubali kusilimu. Uislamu ule wa upanga haukukaa, jeshi lilipoondoka nao ukaondoka. Baadaye ndipo wakuu wao wakachukua Uyahudi, dini ya Mungu mmoja ambayo haikuwa na kaisari wala khalifa nyuma yake wa kuja kudai chochote. Wanazuoni wanabishana lini hasa na kwa kina gani, wapo hata wanaopinga kwamba ilitokea, mimi nawaambia shikeni sarafu: kuna dirhamu zilizopigwa Khazaria 837 au 838, zimeiga za Abbasi, ila mahali pa shahada zimeandikwa kwa Kiarabu "Musa ni mtume wa Mungu". Moja ilitoka kwenye hazina kubwa ya fedha iliyofukuliwa Spillings, kisiwa cha Gotland, Sweden, mwaka 1999. Sarafu haikuandikwa miaka mia baadaye na mtawa mwenye ajenda. Ilipigwa mwaka huohuo na serikali yenyewe, na inaongea na watu wanaojua kusoma Kiarabu. Ukiwa na sarafu na hadithi, mara nyingi anza na sarafu.

Boris wa Bulgaria, ile ya Danube sio ya Volga, jamani msichanganye, naona makosa haya kila msimu, huyu ndiye mjanja kuliko wote kwa maoni yangu. Mwaka 864 nchi ina njaa, jeshi la Bizanti liko mpakani na meli zao pwani, akakubali kubatizwa na wao, kaisari Michael wa Tatu akawa baba yake wa ubatizo na Boris akachukua jina hilohilo la Michael. Makabaila wake wakaasi, akawapiga, akaua wakuu 52 pamoja na familia zao. Ukiona hiyo namba ya 52 usipite haraka, kwa sababu hapo ndipo dola inaundwa, wale wakuu wa koo ambao wangeweza kumwambia mtawala "hapana" wamefutwa kwa kisingizio kimoja. Kisha akagundua Konstantinopoli hawataki kumpa askofu mkuu wake mwenyewe, mwaka 866 akageukia Roma, akamwandikia Papa Nicholas wa Kwanza lundo la maswali. Majibu ya papa yapo, ni 106, na ndiyo chanzo kitamu zaidi kwenye kozi nzima. Tunaruhusiwa kuoga Jumatano na Ijumaa? Suruali zetu zina shida? (Papa akasema suruali haziongezi wala hazipunguzi wokovu.) Twende vitani na mkia wa farasi kama bendera yetu ya zamani? Hapana, chukueni msalaba. Na katikati ya hayo yote, kimyakimya, swali lenyewe: je, tunaweza kuwa na patriaki wetu? Papa akazungukazunguka, akamnyima hata yule askofu aliyemtaka kwa jina, Formosus, na mwaka 870 Boris akarudi Konstantinopoli, safari hii akapewa askofu mkuu. Mwaka 886 akawapokea wanafunzi wa Methodius, yule mmisionari aliyewahubiria Waslavi kwa lugha yao, waliofukuzwa Moravia, wakaanza kufundisha na kunakili vitabu kwa Kislavoni, na hapo akapata alichokitaka tangu mwanzo, makasisi wasiohitaji kuagizwa kutoka Ugiriki.

Poland nitapita haraka kwa sababu inafuata njia hiyohiyo. Mieszko alioa Dobrawa wa Bohemia 965 akabatizwa 966, yaani aliipitishia dini kwa Wacheki badala ya kusubiri Wajerumani wailete na farasi, na mwaka 1000 Gniezno ikapata askofu mkuu wake asiyekuwa chini ya askofu mkuu wa Magdeburg, Ujerumani. Kama mnataka kujua alikuwa anakwepa nini, someni vita vya Charlemagne, mfalme wa Wafranki, na Wasaksoni, 772 mpaka 804, na hasa Verden 782 ambako maandiko ya Wafranki wenyewe yanasema waliuawa watu 4,500 kwa siku moja, na sheria iliyofuata iliyoweka adhabu ya kifo kwa kukataa ubatizo. Watawala wa Mashariki walijua kilichowapata Wasaksoni. Usipomkaribisha padri mwenyewe, mtu mwingine atakuletea.

Sasa Vladimir wa Kyiv, mtawala wa Rus, na hapa nitakaa, maana hapa ndipo mnapotezwa. Hadithi mnayoijua inatoka kwenye tarehe ya watawa wa Kyiv, yaani kitabu chao cha matukio ya mwaka hadi mwaka: wajumbe wanakuja, Waislamu wa Volga, Wakatoliki wa Ujerumani, Wayahudi wa Khazaria, Wagiriki, kila mmoja anaisifia dini yake, Vladimir anaukataa Uislamu kwa sababu kunywa ndiyo raha ya watu wa Rus, anawauliza Wayahudi kama Mungu wao anawapenda mbona wametawanyika, kisha anatuma watu wake kumi wakajionee, wanarudi wamepagawa na kanisa la Hagia Sophia la Konstantinopoli, hawajui walikuwa mbinguni au duniani. Tamu sana. Watu wanainukuu esei nzima.

Angalieni iliandikwa lini. Ilikusanywa miaka ya 1110, zaidi ya miaka mia baada ya 988, na mtawa wa Ukristo wa Kigiriki, na nakala ya zamani zaidi tuliyo nayo ni ya 1377. Kwa mtawa yule mgawanyiko wa Roma na Konstantinopoli wa 1054 ulishatokea na anaweka ndani maneno makali dhidi ya Walatini, wakati Vladimir mwaka 988 hakuwa na habari ya 1054. Hiyo haimaanishi kila kitu ni uongo. Marwazi, daktari wa Kiislamu aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 12 mbali kabisa na Kyiv, naye anataja kwamba mfalme wa Rus alituma wajumbe Khwarazm kuulizia Uislamu. Kwa hiyo habari ya kupima dini kadhaa huenda ina mzizi, ila mashindano yale ya hotuba ni ya mwandishi, yameandikwa kwa msomaji ambaye tayari ni Mkristo na anajua nani atashinda.

Mkitaka injini ya tukio msomeni Yahya wa Antiokia, Mkristo aliyeandika kwa Kiarabu karne ya 11. Yeye hana Hagia Sophia hata kidogo. Anasema kaisari Basil wa Pili alikuwa hoi, jenerali wake Bardas Phokas kaasi na kajitangaza kaisari, pesa imemwishia, ikabidi aombe jeshi kwa mfalme wa Rus ambaye alikuwa adui yake. Bei ikawa ni ndoa: Anna, dada wa Basil, aliyezaliwa ikulu baba yake akiwa kaisari. Basil naye akaweka sharti la ubatizo. Mwandishi wa Kiarmenia wa wakati uleule, Stefano wa Taron, anataja askari 6,000 kutoka Rus. Phokas alikufa vitani Abydos 989 na Basil akabaki kwenye kiti. Ili mjue uzito wa yule bibi harusi, Otto wa Kwanza wa Ujerumani, kaisari mzima, alimtafutia mwanawe binti wa aina hiyo akaambulia Theophanu, mpwa wa kaisari aliyekuwa madarakani, sio binti wa ikulu. Vladimir, ambaye miaka kumi hivi nyuma alikuwa anapigania kiti na ndugu zake, akapata alichokosa Otto.

Na kuna kitu wanafunzi wanakiruka: Vladimir alianza kwanza na dini ya jadi. Karibu 980 alisimamisha sanamu za miungu kilimani Kyiv, Perun akiwa mbele, wa mti, kichwa cha fedha na sharubu za dhahabu. Alikuwa anajaribu kukusanya miungu ya watu mbalimbali mahali pamoja, karibu na ikulu yake. Miaka minane baadaye Perun akafungwa kwenye mkia wa farasi, akaburutwa na kupigwa fimbo, akatupwa mto Dnieper. Kwa nini ilishindikana? Jibu langu, na mnaruhusiwa kunibishia, ni kwamba Perun hakuwa na ofisi. Hakuwa na watu wanaojua kusoma na kuandika, hakuwa na daraja la viongozi linaloenea kutoka mji hadi mji, na hakuna kaisari angetoa dada yake kwa mtu wa Perun. Padri anakuja na vitu vingi kwenye mfuko mmoja: alfabeti, sheria ya ndoa na mirathi, kalenda, fundi wa kujenga kwa mawe, mtu wa kuandika barua kwenda nje. Kanisa Vladimir alilomaliza 996 liliitwa Kanisa la Fungu la Kumi kwa sababu alilipangia sehemu ya kumi ya mapato yake, na mtu anayepokea sehemu ya kumi lazima ajue mapato ni kiasi gani. Sijui kama mmeona hilo linaelekea wapi, lakini mfalme ambaye mapato yake yanahesabiwa ni mfalme mwingine kabisa na yule wa kuzunguka kila majira ya baridi na wapiganaji akikusanya manyoya kijiji kwa kijiji.

Ila watu wenyewe je? Tarehe ileile ya Kyiv, chini ya mwaka 1071, inasimulia mganga aliyetokea Novgorod akawaambia watu Ukristo ni upuuzi. Askofu akavaa mavazi yake, akashika msalaba, akasema anayemwamini mganga aende kwake na anayeamini msalaba aje kwangu. Mji mzima ukaenda kwa mganga. Waliobaki na askofu ni mwana wa mfalme, Gleb, na askari wake. Gleb akaficha shoka chini ya joho, akamuuliza mganga unajua kesho kutatokea nini, akajibu najua yote, leo je, leo nitafanya maajabu makubwa, Gleb akatoa shoka akampasua, watu wakatawanyika. Hiyo ni zaidi ya miaka 80 baada ya ubatizo. Mkinukuu 988 bila kunukuu 1071 nitawaandikia swali pembeni kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu namba kubwa kubwa muwe na adabu nazo. Ibn al-Athir anasema mwaka 960 Waturuki wa mahema 200,000 walisilimu, ni wakati wa Wakarakhani, watawala wa Kituruki, huko Kashgar na jirani zake. Bar Hebraeus anasimulia Wakerait wa Mongolia walioingia Ukristo wa Kanisa la Mashariki (Wanestori, sio Waorthodoksi wa Kigiriki) mwanzoni mwa karne ya 11, nao ni 200,000. Waandishi wote wawili ni wa karne ya 13. Laki mbili na laki mbili, haya ni maneno ya mtu anayesema "wengi mno", sio ya mtu aliyepita na daftari, kwa hiyo usiziweke kwenye esei kama sensa. Tukio lenyewe unaweza kulitumia vizuri tu, hasa hao Wakerait, maana kizazi chao kilimtoa Sorghaghtani, mama Mkristo wa watawala wa Kimongolia Möngke, Kublai na Hülegü, na hapo ndipo mnaelewa kwa nini mapapa walikuwa na tamaa sana na Wamongolia.

Sasa nilisema kuna sehemu inagoma. Lithuania ndiyo inanipa raha zaidi. Mindaugas alibatizwa 1251, akavikwa taji 1253, akauawa 1263 na Ukristo wa ikulu ukafa naye, halafu warithi wakajenga dola kubwa kupita kiasi kutoka Baltiki mpaka karibu na Bahari Nyeusi, Kyiv yenyewe ikiwa ndani, na watawala wake wakabaki na dini yao ya jadi. Gediminas mwaka 1323 aliandika barua kwa papa na kwa miji ya Ujerumani, akiwaita mafundi na wafanyabiashara na kudokeza ubatizo, wajumbe walipokuja mwaka uliofuata akakana kwamba alisema hivyo. Walipata ofisi bila ubatizo: makarani wa Kiorthodoksi kutoka nchi za Rus na watawa Wafransisko kwa barua za Kilatini. Mpaka Jogaila alipoitwa kumuoa Jadwiga wa Poland, akabatizwa 1386, na mwaka uliofuata Lithuania. Kwa hiyo ukiandika "bila dini ya Mungu mmoja dola haiwezi kusimama", Lithuania inakuangusha palepale.

Wauighuri nao: kagani wao Bögü alichukua dini ya Mani mwaka 762 au 763 baada ya kukutana na walimu wake Luoyang, China, alikokwenda kuwapigania Watang, ukoo uliotawala China. Dini ya Mani ina asili mbili, nuru na giza, sio Mungu mmoja kwa maana tunayoitumia, lakini ilileta maandishi na wafanyabiashara Wasogdi wa Asia ya Kati na kumtofautisha kagani na China kubwa jirani. Ina maana kilichokuwa kinatafutwa mara nyingi ni dini yenye vitabu na mtandao, na idadi ya miungu ikaja nyuma yake.

Halafu kuna mfano ulio kinyume kabisa, Ghazan wa Uajemi. Hapa dola imeshaundwa, Hülegü aliiteka Baghdad 1258, wakubwa ni Wamongolia na raia ni Waislamu. Teguder alisilimu akajiita Ahmad, akatawala 1282 hadi 1284, majenerali wakamwondoa na kumuua. Ghazan, aliyelelewa katika Ubudha, akasilimu 1295 katikati ya kugombea kiti na Baidu, akishauriwa na amiri wake Nawruz, na yeye ikakaa. Dini ni ileile, nchi ni ileile, miaka kumi na kidogo tu imepita, mmoja kafa na mwingine kaweka msingi. Tofauti ni kwamba kufikia 1295 askari wengi wa Kimongolia wenyewe walikuwa wameshasilimu, Ghazan aliwakuta huko chini. Kwenye hili lile swali langu la kwanza la nani kamtuma sheikh halina msaada, uliza jeshi lake lilikuwa limeshafika wapi. Kwa Wamongolia wa kaskazini huko Volga, dola ya kizazi cha Jochi, ni karibu hivyohivyo, Berke alikuwa Mwislamu tangu miaka ya 1250 lakini Uislamu wa dola ulisubiri Özbeg, aliyeshika 1313. Ibn Battuta alimtembelea Özbeg miaka michache tu baada ya kupita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na ukisoma sehemu zile mbili kwa pamoja utaona mtu yuleyule akikagua mambo yaleyale, kadhi yuko wapi, sultani anakaaje na mafakihi, sadaka inatolewa vipi. Kwa wanaotafuta mada ya disatesheni, nimewapa bure hiyo.

Mambo ya kazi ya kila siku. Jifunzeni kubadili tarehe mapema. Watawa wa Kyiv wanahesabu tangu kuumbwa ulimwengu, mwaka wao 6496 ukitoa 5508 unapata 988, lakini mwaka wao hauanzi Januari kwa hiyo mara nyingine unateleza mmoja mbele au nyuma, na hijria inateleza zaidi. Chora ramani ya mito kwa mkono wako, Volga, Dnieper, Don, Danube, sio ya mipaka, maana mipaka unayoiona kwenye atlasi haikuwepo. Usiite Rus "Urusi" kama vile Moscow ilikuwepo, mji huo unatajwa mara ya kwanza 1147.

Na lugha. Wengi wenu mnajidharau eti hamjui Kirusi wala Kilatini. Waliosoma madrasa wakafika kwenye nahau kidogo wana mtaji mkubwa hapa kuliko wanavyojua: Ibn Fadlan ni Kiarabu, Marwazi Kiarabu, Yahya Kiarabu, Ibn al-Athir Kiarabu, sarafu za Khazaria Kiarabu, yaani nusu ya ushahidi wa historia ya awali ya Ulaya Mashariki umeandikwa kwa herufi mlizochapwa viboko mkizijifunza. Chukueni ripoti ya Ibn Fadlan kwa Kiarabu na tafsiri pembeni, anzeni pale kwenye ugomvi wa zile dinari 4,000, ni kurasa chache, lugha yake sio ngumu, na njooni nazo semina wiki ya kwanza kabla sijagawa orodha ya kusoma.